Upande Wenye Nyumba

Ukuta wa chumba ulikuwa na joto kama paji la mgonjwa. Mwokota chupa aliutoa mkono wake upesi, akamtazama mama yake kitandani, miguu imekufa ganzi tangu mwaka juzi. Nyuma ya ukuta huo lilisimama jaa, refu kupita nguzo za umeme, na tumboni mwake vyakula vya mahoteli na maduka makubwa vilikuwa vikioza na kuchemka. Wanawake wa pale walichomeka mabomba humo, wakawasha hewa iliyotoka, wakapikia. Leo asubuhi bomba lake lilipiga mluzi lenyewe.

Akapanda juu ya jaa kutazama. Kulikuwa na ufa. Alitia mkono, ukazama hadi kiwikoni, ukatoka na mvuke. Na mvua isiyo ya msimu huo ilikuwa imeingia siku ya tisa.

Akamfuata msimamizi aliyekuwa akipanga malori chini ya mwavuli.

"Mkubwa, upande huu umepasuka. Wamwage kule ng'ambo."

"Kule lori linazama. Utalisukuma wewe?"

"Mama yangu yuko hapo chini, hatembei."

"Mbebe."

"Nimpeleke wapi?"

Dereva akacheka dirishani. "Dada, huu ni mchele tu. Mchele umeua nani?"

"Yule bwana aliyekuja kupima jaa alisema chakula kikioza kinatoa hewa inayovuruga hata mvua. Alisema hapa pasiongezwe kitu."

"Basi iambie mvua ihame," msimamizi akasema, akampungia dereva.

Lori likainua bodi yake. Ikamwagika mifuko ya mchele, mizima, iliyopitwa na tarehe kwa siku mbili. Ardhi ikatetema chini ya nyayo zake.

Alishuka mbio, akaanguka, akainuka. Akambeba mama mgongoni, mikono ya mama ikimkaba koo. Walipotoka nje, jaa lilikuwa likisogea polepole, na mifuko imetangulia, ikibingirika na kupasuka kwenye milango ya watu.

"Kimbieni," alisema.

Majirani walikuwa wakikimbia, lakini kuelekea kule kule kwenye mifuko, na mabeseni, wakipigana vikumbo. Jirani wa mlango wa pili alimpita akihema. "Shoga, umelala? Huchoti?"

Mama akamvuta bega.

"Geuka, mwanangu. Wataumaliza mchele."