Mkono wa Evaristi

Kidole kilijikunja kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na Aleksi Ndayisenga alidhani ni mzaha wa mwili.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chumbani kwake Kanyenye, mjini Tabora, mguu mmoja juu ya tofali, gitaa pajani. Simu iliyokuwa sakafuni iligonga mapigo, ko, ko, ko, naye akayafuata kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikipokezana juu ya uzi mmoja. Hiyo ndiyo pikado, mbio za gitaa la Kihispania la flamenko. Kidole kinagonga uzi na kuegemea uzi wa juu yake, kingine kinakuja, hiki kinaondoka, na sauti zinamwagika kama mtama kwenye ungo. Ghafla sauti moja ikakosekana. Aleksi akatazama chini. Kidole cha kati hakikuwa kwenye uzi. Kilikuwa kimejikunja ndani ya kiganja, kimetulia, kama mnyama aliyeingia shimoni mwake.

Hakukikunja yeye.

Akakinyoosha kwa mkono wa kushoto. Kikanyooka bila ubishi. Akaanza upya, na mapigo yalipokolea kikaingia tena.

Mtu mwingine angesema ni uchovu, angekunywa chai, angelala. Aleksi hakuweza kusema hivyo, kwa sababu ya baba yake mdogo.

Evaristi alikuwa mpiga gitaa wa kwaya kule kwao Ulyankulu, na watu wazima bado wanasimulia jinsi waumini walivyosahau kupeleka sadaka kwa kumsikiliza. Kisha mkono wake wa kulia ukafumba. Ulifumba taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka vidole vitatu vikazama kiganjani, na kucha zikawa zinakatwa na mkewe kwa wembe, akiupenyeza pole pole asije akamchana. Siku hizi Evaristi anachunga mbuzi. Ngumi ile anapigilia nayo vigingi vya uzio. Alipokuwa mdogo, Aleksi alikuwa akikimbilia nyuma ya mama yake kila mkono ule uliponyooshwa kumsalimia.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa akiutazama wake.

Aliyemfundisha flamenko ni Sista Advera, Mhaya mwenye miwani minene na ulimi usio na mapumziko. Aliishi miaka kumi na mmoja kusini mwa Hispania akiuguza wazee, na huko akajifunza kwa mgonjwa mmoja mkaidi aliyekataa kumeza dawa mpaka sista naye ashike gitaa.

"Wewe umekulia kwenye tumbaku," alimwambia Aleksi siku ya kwanza tu.

"Umejuaje, Sista?"

"Vidole vyako viwili vinatembea pamoja kama vimefungwa pingu."

Ilikuwa kweli. Tangu akiwa na miaka saba Aleksi alikuwa akifunga majani mabichi ya tumbaku kwenye vijiti kabla hayajaingizwa kwenye bani, kibanda cha kukaushia. Jani, jani, jani, kamba. Gumba, cha shahada na cha kati vinabana kwa mpigo mmoja, na mwenye kubana kwa nguvu ndiye mwenye kasi. Pale kijijini hapakuwa na aliyemshinda. Akina mama waliacha vijiti vyao wakasimama kumtazama, naye akavimba kichwa. Kwa hiyo kila alipotaka mbio kwenye gitaa, mkono wake ulijua njia moja tu: kubana.

"Kasi haitoki kwenye kubana, mwanangu. Inatoka kwenye kuachia," Sista alimwambia. "Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka hapa mpaka Bagamoyo na mizigo kichwani. Unadhani walikwenda kwa kuruka na miguu yote miwili? Mmoja unakanyaga, mwingine umepumzika hewani. Ukiikaza yote, utaanguka hata Kigwa hujafika."

Akamwekea mpaka: mapigo tisini kwa dakika, asivuke mpaka yeye mwenyewe atakapomruhusu.

Aleksi angeutii mpaka huo kama si Amon, mpiga kinanda wa kwaya yao. Jioni moja baada ya mazoezi Amon aliegemea kinanda chake akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Ndugu yangu, hilo gitaa lako la kunong'ona tutalisikia lini? Maana hiki kinanda kina kitufe cha gitaa. Nakibonyeza tu, nakwenda zangu kunywa chai."

Wanakwaya wakaangua kicheko.

"Jubilei ya kigango cha Kigwa," alisema. "Njoo na kiti, ukae. Nitapiga mbio ambazo hicho kinanda kitaomba maji."

Katibu wa kwaya akaandika jina lake kwenye ratiba hapo hapo. Kuanzia kesho yake Aleksi akawa anajifungia chumbani, anapandisha mapigo ya simu. Mia. Mia na ishirini. Mia na arobaini. Kila yalipopanda alibana zaidi, na wiki ya tatu, Jumanne ile, ndipo kidole kilipoingia kiganjani.

Hakumwambia mtu. Kwenye somo alipiga pole pole, na pole pole kidole kilikaa, ila kilitetemeka kidogo kabla ya kutua. Sista alikitazama.

"Mkono unauma?"

"Hauumi, Sista."

Na kweli haukuuma. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kidonda kinauma, jipu linauma, mtu anajua pa kushika. Kidole hiki kilikuwa kinamwacha kimya kimya, kama mpangaji anayehama kidogo kidogo huku anakuamkia kila asubuhi. Akaanza kujipima. Alishika kalamu akaandika jina lake mara ishirini: salama. Alifunga vifungo vya shati: salama. Alikula wali kwa kijiko huku macho yake yakiwa kwenye vidole badala ya sahani, mpaka mama mwenye nyumba, Bi Najiat, akamuuliza kama ameona kitu ndani ya chakula.

Mwishoni mwa Machi akaenda Ulyankulu kusaidia tumbaku. Siku ya kwanza alikaa mbele ya rundo la majani mabichi, akashika kamba, na mkono ukaruka. Jani, jani, jani, kamba. Kidole cha kati kilifanya kazi kama zamani, hakikukosea hata mara moja. Aleksi alicheka peke yake. Siku nzima alikuwa mtu mwenye afya.

Siku ya pili baba yake mdogo alikuja na mbuzi wake, akakaa juu ya gogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nasikia unapiga gitaa la Wahispania."

"Ndiyo."

"Wana vidole vingapi hao?"

"Vitano tu, kama sisi."

"Basi afadhali." Evaristi akatema mate pembeni, akamtazama akifunga. "Mbona kila baada ya kijiti unautazama mkono?"

"Siutazami."

"Mimi nilikuwa nikiutazama hivyo hivyo."

Jani likamponyoka Aleksi. Aliliokota, likamponyoka tena. Hatimaye akauliza, bila kuinua macho, "Wako ulianzaje?"

"Kwenye gitaa tu. Kidole kimoja. Tumbaku nilifunga vizuri, jembe nilishika, mke nilimshika." Evaristi akacheka kwa pua. "Nikasema, basi huu si ugonjwa, ni uvivu. Nikakiadhibu. Nilikifunga kijiti kwa mpira wa baiskeli kisijikunje, nikapiga harusi tatu namna hiyo, na watu wakanitunza. Baadaye kikanikataa kwenye kalamu. Halafu kwenye kijiko. Kijiko kilipofika, nikajua."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mimi, Evaristi? Nilikuwa na jina, bwana."

Akaunyoosha mkono ule juu ya majani. "Shika."

Aleksi hakutaka. Mwili mzima ulimsisimka kama alipokuwa mtoto, lakini hakuwa na mama wa kujificha nyuma yake, akaushika. Miaka yote alidhani ni mkono uliokufa. Haukuwa umekufa. Ulikuwa wa moto, na ndani yake vidole vilikuwa vinavuta, vinabana, vinazidi kuingia mahali ambapo hapakuwa na nafasi tena.

"Unakaza mpaka sasa?" alinong'ona.

"Sikazi mimi. Unakaza wenyewe. Hata nikilala," Evaristi alisema, kisha akainuka kuwafukuza mbuzi waliokuwa wameingia kwenye mahindi ya jirani.

Ungedhani Aleksi alirudi Tabora mbio akamweleza Sista kila kitu. Hakufanya hivyo. Kijana aliyesema mbele ya kwaya nzima kwamba kinanda kitaomba maji hawezi kwenda kuomba radhi kwa sababu ya kidole. Alifika kwa fundi baiskeli, akaomba kipande cha mpira chakavu, akakikata utepe mwembamba, akauzungushia kijiti cha urefu wa kidole. Aliuficha mfukoni mwa suruali yake ya Jumapili. Alijiambia ni kwa siku moja tu. Baada ya jubilei atapumzika, atatii, atafanya lolote.

Asubuhi ya jubilei walifika Kigwa kwa gari la masista, na wenyeji wakawapa chai na mihogo ya kuchemsha. Aleksi alikuwa akikoroga sukari. Kijiko kikagonga kikombe, kikaanguka mezani. Akatazama. Kidole cha kati kilikuwa kimelala ndani ya kiganja.

Mwanakwaya aliyekaa mbele yake akasema, "Umeshaanza kuogopa, ee?" na kumrudishia kijiko. Aleksi alishindwa kukipokea. Aliuficha mkono chini ya meza, akakinyoosha kidole juu ya paja.

Ibada ilipita bila yeye kuisikia. Baadaye, chini ya turubai, Amon alipiga kinanda mpaka wazee wakainuka kucheza, na alipomaliza akashika kipaza sauti mwenyewe. "Sasa tumpishe mtaalamu wetu kutoka Hispania ya Ulyankulu! Maji tayari tumeandaa." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sista Advera alikuwa amekaa safu ya pili, mikono mapajani.

Aleksi alianza na sehemu ya gumba, nzito na ya taratibu, na kelele zikafifia. Hata watoto waliokuwa wakigombania soda walinyamaza. Ilikuwa nzuri. Alijua ni nzuri, na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa maana kila pigo lilikuwa linamsogeza kwenye mbio. Zilikuwa zimebaki pumzi nne. Tatu. Kabla hajagusa uzi alihisi mvuto ule ukianzia kwenye kifundo cha mkono na kupanda, na kidole kikaanza kuinama.

Akaunyanyua mkono kutoka kwenye gitaa, akautia mfukoni. Utepe wa mpira ulikuwa pale, laini, tayari. Ingechukua muda wa kufunga kiatu. Watu wangedhani ni mbwembwe, pengine wangeshangilia zaidi. Angepiga. Kwa siku hii moja angepiga, hilo hakuwa na shaka nalo, na kesho hatajua ni kitu gani kitamkataa.

Turubai lote lilikuwa linamtazama. Aleksi akautoa mkono, mtupu.

"Naishia hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyoitaka. "Kidole changu kimegoma. Hizo mbio siwezi."

"Kumbe Hispania mbio wanazikimbia kwa kutembea!" Amon alipaza sauti, na kicheko kikapasuka kutoka mbele hadi nyuma. Kisha kinanda kikaingia, na watu wakasahau.

Sista alimkuta nyuma ya kanisa, ameketi kwenye ngazi ya sakristia, gitaa likiwa kwenye vumbi kando yake.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Miezi miwili unanidanganya machoni."

"Leo kimefika kwenye kijiko, Sista."

Sista alikuwa amefungua kinywa kumgombeza. Akakifumba. Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa chake cha kichwa, akaichunguza, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Kesho hospitali," alisema. "Hilo halina mjadala."

"Kitarudi?"

"Sijui. Kule niliwaona wawili wenye tatizo kama hili. Mmoja alianza upya kama mtoto, akarudi baada ya miaka miwili."

"Na wa pili?"

Sista aliliokota gitaa, akalipangusa vumbi, akamwekea mapajani. "Weka kidole juu ya uzi. Usipige. Kiweke tu."

Aleksi akakiweka. Chini ya turubai walikuwa wanapiga vigelegele.

"Usikaze."

"Sikazi, Sista."

"Unakaza. Tazama taya lako."

Akalegeza taya. Akalegeza bega, na ndipo akagundua kwamba bega lake lilikuwa limepanda karibu na sikio, tangu lini hakujua. Kidole kilikuwa juu ya uzi. Kilitetemeka. Alishusha pumzi moja, kikabaki. Akashusha ya pili. Ndani kabisa, chini ya ngozi, kitu kilianza kuvuta, naye hakukizuia wala hakukifuata, aliketi tu akakitazama, kinywa wazi, hajui kama kidole kinatulia au kinajiandaa kuingia.