Pazia Nyuma ya Konokono

Katika bendi ya kanisa kila chombo kilikuwa na jina lake la utani. Tuba ya muuza nyama waliiita Tumbo. Tromboni, kwa vile mkono wake huenda na kurudi, waliiita Msumeno. Tarumbeta tatu za kinyozi na wenzake waliziacha na jina lao, maana zilikuwa na kiburi cha kutosha. Na ile pembe ya Kifaransa, yenye mrija uliojikunja duara juu ya duara mpaka jicho likapotea humo, waliiita Konokono. Aliyeipuliza alikuwa mkwe wa mshona nguo, mke wa mwanawe wa pekee.

Mshona nguo mwenyewe alikuwa mjane, na noti za muziki hakujua hata moja. Lakini kila Jumamosi alasiri, wakati wa mazoezi, alikuja kufagia kanisa, na masikio yake hayakuwa na likizo.

Jumamosi hiyo alikuwa ameinama kwenye benchi la tatu, ufagio mkononi, mwalimu wa bendi alipogonga kijiti chake.

“Konokono, sikusikii.”

“Napuliza, Mwalimu,” mkwe akasema.

“Puliza zaidi.”

Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mshona nguo akainua kichwa. Sauti iliyomfikia ilikuwa kama ya mtu anayeongea huku amejifunika blanketi gubigubi.

“Labda kalala ndani ya gamba,” muuza nyama akasema. “Tumtupie jani la kabichi, atatoka.”

“Atatokaje, na Tumbo lako limeziba mlango?” mkwe akamjibu. Bendi ikacheka. Mshona nguo akaona kwamba mkwe wake hakucheka, na kwamba midomo yake imevimba.

Mwalimu hakuwa mtu mkali. Alishuka akasimama karibu naye. “Mwanangu, hii ni wiki ya nne. Tarumbeta zinang’ata, tromboni inanguruma, na katikati pale pana shimo. Turudie mara moja tu. Nisipokusikia, kesho utakaa na waimbaji, na Konokono nitaifungia kabatini.”

“Hamia kwetu, shemeji,” kinyozi akasema, bila ubaya. “Tarumbeta haina shida. Unaielekeza kwa watu, unawapa.”

“Nimekuelewa, Mwalimu,” mkwe akasema. Akageuka nusu, akalitazama pazia lililokuwa nyuma ya kiti chake. Kisha akamtazama mama mkwe wake, mara moja tu, akainamisha macho.

Mshona nguo alikuwa amefunga na kufungua vifungo vya watu miaka thelathini. Alijua mtu anayeficha kitu anavyotazama.

Akaegemea ufagio, akaanza kuwaza. Nyumbani, mkwe alipofanya mazoezi katika chumba cha cherehani, Konokono ilijaza nyumba mpaka pini zikatetemeka koponi. Siku moja alimuuliza kwa nini kila mara anaupa ukuta mgongo. Mkwe akamwambia, “Tarumbeta inasemea mbele, Mama. Hii mdomo wake unatazama nyuma, na mkono wangu uko humo ndani. Sauti inagonga ukuta kwanza, ndipo inawarudia watu, ikiwa laini.”

Wiki nne. Na wiki nne zilizopita ni nini kilikuwa kimebadilika katika kanisa hili?

Pazia lile. Ni yeye. Mahameli mazito ya zambarau, yenye bitana mbili, aliyoyashona mwaka mzima kwa kumkumbuka marehemu mumewe, yakatundikwa kufunika ukuta wa matofali nyuma ya bendi. Mchungaji aliyaombea. Watu walimshika mkono. Yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, alijisifu kwamba hata mwangwi umekwisha.

Na mtoto huyu alijua tangu siku ya kwanza. Alikubali kuvimba midomo, akakubali hata kufungiwa chombo chake, kuliko kumwambia.

“Bwana, nipe mikono isiyotetemeka,” mshona nguo akaomba kimoyomoyo. Akaweka ufagio chini, akaenda kuchukua ngazi.

“Mwalimu, naomba dakika tano.”

Mkwe akasimama ghafla. “Mama, usiliguse. Tafadhali.”

“Kwa nini nisiliguse?”

“Ni la Baba.”

Mshona nguo akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. “Baba yako alikuwa bawabu wa kanisa hili miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kufungua. Mimi ndiye niliyeziba. Muuza nyama, shika ngazi, na usinichekeshe nikiwa juu.”

“Nimenyamaza kama maini kwenye mzani,” muuza nyama akasema.

Akafungua pete moja baada ya nyingine. Pazia likaanguka na vumbi lake, na ukuta ukabaki mtupu, na matofali yake yasiyolingana.

Mwalimu akainua kijiti. Safari hii mkwe hakupuliza kwa nguvu. Konokono haikuzishinda tarumbeta, wala haikutaka kuzishinda. Iliingia katikati, ikazitwaa tarumbeta zilizokuwa kali na tromboni iliyokuwa nzito, ikazishikanisha. Mshona nguo akaitambua kazi hiyo mara moja. Ilikuwa bitana. Hakuna anayesifu bitana ya koti, lakini koti likiikosa, linamkaa mtu kama gunia.

Wimbo ukafika mwisho bila kijiti kugonga kuusimamisha.

“Kesho saa mbili kamili,” mwalimu akasema, akikohoa kidogo. “Kila mtu kwenye kiti chake. Konokono, pale pale ukutani.”

Watu walipokuwa wakifungasha, mkwe alikuja kusaidia kukunja mahameli. Alikuwa akilia bila sauti. “Sasa tutalitundika wapi, Mama?”

Mshona nguo alivua futi ya kupimia shingoni, akainama juu ya ile pembe, akaizungusha futi huku, akaizungusha kule, akakwama.

“Futa machozi unisaidie,” akasema. “Nataka kukushonea mfuko wake kwa mahameli haya, na mdudu wako huyu sijui anaanzia wapi.”