Sehemu Nyeupe Kwenye Ramani ya Upepo

Lorna Haugen alikuwa ameichora ramani ya upepo mara tatu tangu alfajiri, na mara zote tatu mvua ikamharibia. Kazi yake pale kwenye kituo cha hali ya hewa cha Newport, mji wa pwani, ilikuwa kusoma vipimo vya setilaiti. Chombo kinapiga mawimbi ya rada huku chini, bahari inayarudisha, na kwa jinsi maji yalivyochafuka wanajua upepo una nguvu gani na unatoka wapi. Mvua kubwa ikiingia kati, vipimo vinadanganya. Miaka kumi na tisa Lorna alikuwa akiuchambua uongo huo, na macho yake yalikuwa yamechoka.

Asubuhi hiyo magharibi ya pwani palikuwa na bonge la mvua. Kompyuta ilikuwa imepaziba kwa kubahatisha: upepo mwanana wa kusini. Lorna akaufuta.

"Umepaacha peupe?" aliuliza Denise, mkuu wake, kikombe cha kahawa mkononi. "Watu watatupigia simu."

"Wapige. Sijui pale kuna nini."

"Kompyuta si imesema?"

"Nayo haijui, bosi. Ila yenyewe haina haya."

Denise akaguna, akaiacha ramani itoke hivyo hivyo.

Wa kwanza kupiga alikuwa Arvid, binamu yake Lorna, nahodha wa mashua ya kuvulia kaa.

"We Lorna, hilo shimo la nini? Nina mitego mia tatu huko!"

"Mvua. Sioni kitu."

"Basi niambie unavyodhani tu."

Moyoni alidhani ni shwari. "Simpeleki mtu baharini kwa kudhani, Arvid."

"Umezeeka vibaya wewe!" Akakata simu.

Arvid hakutoka. Saa tisa alasiri setilaiti ilipita tena, mvua imeshasogea, na vipimo vikaja safi: upepo mwanana wa kusini. Mashua mbili zilizothubutu kutoka zilirudi zimejaa kaa.

Simu ikalia. "Umeona? Umenikalisha nchi kavu siku nzima, bure!"

"Nimeona. Pole."

"Pole yako nitaipika?"

Lorna akaandika saa ya kipimo kijacho pembeni mwa ramani. "Na kesho je?" aliuliza Arvid, sauti imeshuka.

"Piga saa mbili asubuhi. Nikiona, nitakwambia. Nisipoona, nitakwambia pia."

"Haya, dada."

Lorna akavua miwani, akalaza kichwa mezani. Denise alipopita alimkuta amelala fofofo, akamrudishia mlango taratibu.