Hifadhi Isiyojua Kukataa

Usione vimeundwa ukadhani vitaelea. Ukurasa wa kuombea miadi katika kliniki ya macho ulikuwa umeundwa, ukapambwa, na majaribio yake yote yakawaka kijani, rangi ya kufaulu. Mjomba, mwenye ofisi, alikwisha kumwalika muuguzi mkuu wa kliniki aje kuuzindua. Lakini mpwa wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Kwanini kwa maswali yake yasiyokwisha, alikuwa bado ameikodolea macho skrini, kalamu mdomoni.

"Shangwe zimekushinda, dada?" akamtania Kijani, fundi aliyeandika majaribio yale.

"Hifadhi yako ya bandia husema nini ikiombwa kuandika miadi?"

"Husema ndiyo."

"Na ikishindwa?"

"Ishindwe vipi, na mimi ndiye niliyeiunda?"

Kwanini akaguna. Katika majaribio hawakugusa hifadhi halisi ya kliniki, lile daftari la kompyuta linalotunza miadi. Kijani alitengeneza ya kuigiza, iitikie mahali pake. Tatizo ni kwamba kila bandia ya Kijani ilikuwa na adabu ya mkwe mpya: haikujua kukataa neno.

Basi akaiandika upya, safari hii akaifunza ukaidi. Ikiombwa kuandika, iseme: nimeshindwa. Kisha akatuma ombi la mgonjwa wa kubuni. Ukurasa ukajibu bila haya: "Hongera! Miadi yako imehifadhiwa."

Akawaza ukurasa ukitumika kweli. Ajuza mwenye mtoto wa jicho angeshikwa mkono hadi kliniki, kisha aambiwe jina lake halimo.

Kitufe cha kuurusha ukurasa hewani kilikuwa chini ya kidole chake. Hakukibonyeza.

"Bonyeza basi, mgeni huyu hapa," Mjomba akasema, akimvutia kiti muuguzi mkuu, naye akakikataa.

"Ukurasa hauendi hewani, Mjomba. Unadanganya wagonjwa. Hifadhi ikishindwa kuandika, wenyewe unatoa hongera."

"Ni kosa dogo tu," Kijani akadakia.

"Dogo kama mchanga ndani ya jicho."

"Unaniaibisha mbele ya mgeni!" Mjomba akang'aka.

"Heri aibu ya hapa kuliko ya foleni nzima kule."

Muuguzi mkuu akatazama saa. "Nimeacha watu wananisubiri, jamani."

Mjomba akavimba shingo. "Mwombe radhi mama huyu, sasa hivi. La sivyo kesho usikanyage hapa. Undugu tutauacha mlangoni."

Kazi Kwanini aliipenda, na Mjomba hakuwa mtu wa kutishia bure. Akamgeuzia muuguzi skrini: juu, hongera; chini yake, neno la hifadhi: nimeshindwa. Mama yule akasoma, akarudia kusoma, kisha akaketi kwenye kile kiti alichokuwa amekikataa.

"Rekebisha," akasema. "Nangoja."

"Radhi kwanza!" Mjomba akafoka.

Vidole vya Kwanini vilikwisha kuanza kugonga vitufe. Hakugeuka.

"Kazi chukua, Mjomba. Radhi siombi."