Fomu ya Penseli

Mwalimu mkuu alijiegemeza kwenye kiti chake kipya, akajitikisa kushoto na kulia, kisha akacheka.

"Fundi, kiti hiki hakilii hata kidogo! Mkono wako bado mzima."

Seremala aliinamisha kichwa. Mkono wenyewe ulikuwa ukimtetemeka tangu mwaka juzi. Hata kikombe cha chai alikishika kwa yote miwili. Kiti kile kilikuwa kazi ya bintiye, aliyesimama mlangoni na sare iliyopauka. Alikiunda alfajiri baada ya alfajiri, kabla ya kengele ya shule.

"Ahsante, mwalimu," seremala akasema.

Binti alingoja aongeze neno. Hakuongeza.

Fomu ya binti ya kuchagua chuo ilikuwa mezani. Pale shuleni wanafunzi walijaza kwa penseli, wino ukatiwa ofisini. Kwenye chaguo la kwanza alikuwa ameandika: Chuo cha Ufundi, useremala.

"Mtoto anayeongoza darasa zima, anataka kuranda mbao!" Mwalimu mkuu alichukua kifutio. "Wakubwa wananiuliza nimetoa madaktari wangapi. Kuhusu maseremala hawaulizi."

"Mimi nataka ufundi, mwalimu."

"Kwani nani kakuuliza?"

"Baba, mwambie basi. Mwambie kiti kaunda nani."

Seremala alitazama sakafu. "Mwanangu, ukoo mzima unakuita Daktari tangu unatambaa. Nikawaambie nini? Nimekula vumbi la mbao miaka thelathini ili wewe usilile."

"Mimi nalipenda, baba."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mwalimu mkuu akasema, huku akifuta. Alifuta kwa bidii, karatasi ikakaribia kutoboka, kisha akapuliza mabaki yakaanguka chini. Akaandika kwa wino: Udaktari. "Mzazi, weka sahihi hapa."

Seremala alishika kalamu. Mkono ukamruka. Akaukandamiza kwa mwenzake, lakini sahihi ikatoka imepinda, ikavuka mstari.

Mwalimu mkuu aliutazama mkono ule. Akakitazama kiti, akapitisha kidole kwenye kiungo cha mkono wa kiti, mahali ambapo hata ukucha haupenyi. Akamtazama binti. Binti akaona kwamba sasa mwalimu anajua.

Mwalimu mkuu akafunika kalamu, akaitia fomu kwenye bahasha, akailamba gundi.

"Daktari," akasema, "kabla hujatoka chukua ufagio, uniondolee takataka hizi hapa chini ya kiti."