Manju wa Pipa

Tangu daraja lifunguliwe, pale Kigongo hakuna tena foleni ya kusubiri kivuko. Magari yanapita juu bila kusimama, na wauza samaki wa kukaanga wamebaki na makarai yao. Eneo ambalo malori yalikuwa yakilala kusubiri zamu alilikodi mtu mmoja aitwaye Luhende. Akaweka mashine mbili za michezo alizonunua nje ya nchi, zikiwa zimeshachoshwa na watu wengine, na getini akaandika: Viwanja vya Sayansi. Watu walicheka. Waliacha kucheka mabasi ya shule yalipoanza kuja.

Mashine ya kwanza ni Mnara. Unafungwa mkanda kwenye kiti, unapandishwa mpaka unaona mabati ya Busisi ng'ambo ya pili, halafu unaachiwa. Wanafunzi walipanda na sarafu kiganjani, na kiti kilipokuwa kinashuka, sarafu ilielea mbele ya macho yao kama imesahau kuwa na uzito. Ya pili ni Pipa. Mnaingia ndani ya pipa kubwa la chuma, mnaegemea ukuta wa mpira, linazunguka. Likishika kasi, sakafu inashuka, na ninyi mnabaki mmeganda ukutani miguu ikining'inia. Mnene na mwembamba wanaganda sawasawa. Hilo ndilo lililowashangaza watu kuliko yote, na walimu wa fizikia walilipenda kwa sababu halikuhitaji ubao.

Pipa liliendeshwa na Ndalahwa. Mnara uliendeshwa na Shimba. Wawili hao walijuana siku nyingi, na hawakujuana kwa mema.

Kabla ya mashine wote walikuwa manju, watunzi na viongozi wa ngoma, Ndalahwa upande wa Wagika na Shimba upande wa Wagalu. Asiyejua mambo hayo aelewe hivi: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeamua ni watazamaji kwa miguu yao. Wakikuacha wakahamia kwa mwenzako, umeshindwa. Na ukisimamisha ngoma mwenzako angali anacheza, umeshindwa vibaya zaidi, kwa sababu hukushindwa na mtu, umejiangusha mwenyewe. Mwaka mmoja kule Sumve, Shimba alimkausha Ndalahwa watazamaji uwanja mzima, Ndalahwa akabaki na wapiga ngoma wake na mbwa mmoja. Ndalahwa hakukubali kushindwa. Alisema Shimba amefukia dawa pale alipochezea. Alilisema msibani, alilisema harusini, mpaka watoto wakawa wanamwiga.

Luhende aliijua habari hiyo. Pamba ilipokwisha kuuzwa na watu wakawa na nafasi, akatangaza mashindano: Pipa na Mnara, Jumamosi, kuanzia asubuhi. Wapandaji watabadilishwa haraka haraka, na atakayezima mashine kabla ya mwenzake ameshindwa. Hakuhitaji kueleza zaidi. Uwanda wote kutoka Misungwi mpaka Sengerema ulielewa.

Ijumaa, Sabina, binti wa Ndalahwa, akaja kwa baba yake na simu mkononi. Yuko kidato cha tano, anasoma fizikia, na klabu yao ya sayansi ilikuwa na desturi ya kupanda Pipa wakiwa na simu zinazopima msukumo na kuuchora kwa mstari. Alimwonyesha mistari miwili. Wa mwezi uliopita ulikuwa laini. Wa siku hiyo ulikuwa na jino, na jino lilirudi kila mzunguko.

"Kuna kitu kinagonga chini, baba. Fungueni beringi muiangalie."

Beringi ile ndiyo inayobeba Pipa zima. Kuifungua ni kulitoa Pipa kwenye kiti chake, kazi ya siku tatu kwa winchi ya kukodi. Ndalahwa alimwambia mashine ni nzima. Alimwambia simu ni ya kupigia. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaanza kusikia mlio, kama mtu anatafuna ugali wenye mchanga, na alikuwa akiongeza grisi na kukaa kimya.

"Ni nzima?"

"Nimekwambia ni nzima."

"Basi kesho na mimi nimo," Sabina akasema. "Nitapima tena."

Ndalahwa akamwacha aende. Kumkataza kungekuwa kukiri.

Jumamosi watu walijaa mpaka kwenye mawe ya ziwani. Shimba alianza kwa kelele kwenye kipaza sauti, akiachia viti viwili viwili, na watu wakamfuata. Ndalahwa akangoja. Alimpandisha Machibya, muuza nyama wa Buhongwa, mtu wa kilo kama gunia la mahindi na nusu, akamsimamisha karibu na Sabina ambaye ni mwembamba kama ufito. Wanafunzi wengine wakajaza nafasi zilizobaki. Jukwaa la watazamaji linalozunguka Pipa kwa juu, palipo na swichi, likafurika. Sakafu iliposhuka na Machibya akabaki ameganda sambamba na yule binti, tumbo limelala kifuani, uwanja ukapiga yowe, na Ndalahwa akaona kwa macho yake watu wa Mnara wakigeuka, mmoja, watano, halafu kundi zima. Kitu kilichokuwa kimelala ndani yake tangu Sumve kiliamka. Akaongeza kasi.

Mlio ukaja. Safari hii haukutafuna, uligonga. Aliweka kiganja kwenye nguzo ya jukwaa, na nguzo ikampiga kiganjani, ikapoa, ikampiga tena. Ndani ya Pipa, chini yake, uso wa Sabina ulipita mbele ya macho yake, ukaenda, ukarudi. Hakupiga kelele wala hakupunga mkono. Kila alipopita alikuwa anamtazama baba yake, na simu ameikumbatia kifuani. Watu walikuwa bado wanakuja. Ndalahwa aliuacha uso ule upite tena, na tena, na kila mara alijiambia bado kidogo uwanja uishe wote kuhamia kwake.

Kisha nguzo ikampiga mpaka kwenye kiwiko. Akashusha mkono wa swichi.

Pipa lilipunguza mwendo, wapandaji wakateleza ukutani taratibu mpaka kwenye sakafu, wakatoka wakipepesuka na kucheka. Ndalahwa akafunga mlango, akatangaza kwamba mashine ni mbovu na haitazunguka tena. Hakumaliza sentensi. Watazamaji walizomea, wakashuka jukwaani mbio kama maji, wakaenda Mnarani, na Shimba akawapokea kwa wimbo aliotunga palepale, kwamba Pipa limeumwa tumbo, nani amelipa dawa?

Luhende alikuja amekunja uso. Ndalahwa akamweleza habari ya beringi, akamwonyesha nguzo. Nguzo ilikuwa imetulia, kwani mashine imezimwa.

"Sumve ilikuwa dawa," Luhende akasema. "Leo ni beringi. Ndalahwa, wewe lini utashindwa tu, kama watu wengine?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na Machibya, aliyetoka humo sasa hivi, alicheka kuliko wote. Alisema yeye mwenyewe ni kilo nyingi na hakuona kitu. Luhende akachukua ufunguo wa swichi. Aliagiza Shimba aitwe, Mnara abaki nao msaidizi wake, na Pipa liendelee, maana kulikuwa na basi la sekondari kutoka Mkolani lililongoja tangu asubuhi.

Ndalahwa aliwafuata wanafunzi kwenye mstari. Mwalimu wao aliitwa Revocatus, kijana mpole mwenye miwani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaonekana kusita, akaenda kumuuliza Luhende. Ndalahwa aliwaona kwa mbali: Luhende ananong'ona, anamwonyesha Shimba, anamwonyesha yeye. Mwalimu akatabasamu. Alikuwa mzaliwa wa Magu, amekulia kwenye ngoma hizo, na alijua kama kila mtu ajuavyo pale kwamba manju aliyeshindwa huwa na sababu yake. Mgeni kutoka mbali angeshtuka. Mwalimu, aliyeelewa mambo, akarudi, akamshika Ndalahwa bega kwa heshima.

"Pole, mzee. Mashindano ndivyo yalivyo."

Sabina naye alikuwa akiwaonyesha wanafunzi hao simu. Walimuuliza kama baba yake ndiye aliyemtuma.

Wakaingia. Mlango ukafungwa, Shimba akashika swichi, Pipa likaanza kuzunguka. Ndalahwa alisimama pale chini na kusikia mlio ukianza pale ulipoishia, bila hata kupasha moto. Sakafu ilikuwa bado haijashuka. Akapanda ngazi mpaka alipo Shimba.

"Zima, ngosha. Weka mkono hapa uone."

Shimba hakumtazama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye swichi, mwingine umeshika kipaza sauti. Akasema atauweka, kwa nini asiuweke, ila kwanza Ndalahwa awaambie watu jambo moja. Aseme kwamba ameshindwa na Shimba. Leo, na Sumve. Na kwamba Sumve hapakuwa na dawa. Akamnyooshea kipaza sauti, anacheka, kwa sababu alijua neno hilo halitoki.

Tangu azaliwe Ndalahwa hajasikia manju akisema hivyo. Mtu angeweza kusema ameibiwa ng'ombe, amekimbiwa na mke, lakini si hilo. Hapo chini sakafu ikaanza kushuka. Watoto wakapiga yowe la furaha.

Akakichukua kipaza sauti.

"Mimi Ndalahwa, manju wa Wagika," akasema, na sauti yake ikaenda mpaka majini. "Shimba amenishinda. Amenishinda leo. Alinishinda Sumve. Hakukuwa na dawa, nilisema uongo, alicheza vizuri kuliko mimi. Sina cha kugombea tena na mtu hapa. Sasa naomba mnisikie. Hili Pipa litaua watoto."

Kicheko cha Shimba kilikuwa kimekwisha kabla Ndalahwa hajafika nusu ya maneno hayo. Akanyoosha mkono polepole kama mtu anayepapasa ng'ombe asiyemjua, akaigusa nguzo. Akauondoa. Akaurudisha.

"Inashushwaje?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nikikata moto si watadondoka?"

"Taratibu. Punguza kidogo kidogo. Usikate."

Wakaushika mkono wa swichi wote wawili. Pipa lilipungua, na kadiri lilivyopungua, pigo lilizidi kuwa zito, kana kwamba kasi ndiyo iliyokuwa ikilibeba. Watoto wakaanza kuteleza ukutani. Hawakucheka tena. Pipa liliposimama, gololi moja ya chuma ya ile beringi ilichomoka chini, ikaviringika kwenye lami. Ilikuwa imepasuka katikati. Ikafuata nyingine, halafu zikamwagika, na Pipa zima likaegama upande wa ziwani na kutulia hapo, likilia kwa ndani.

Mlango ulifunguka nusu ukagoma. Mtu mmoja angeweza kupita kwa ubavu. Ndalahwa aliingiza kichwa, akawaambia wasikimbie, wasirukeruke, watoke mmoja mmoja. Waliokuwa karibu wakatoka. Wengine walibaki wameshikamana na ukuta wa upande wa juu, macho yametoka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvuka ile sakafu iliyolala mshazari. Mwalimu Revocatus aliwaita kwa majina yao, hakuna aliyesogea. Ndipo Sabina alipojipenyeza mlangoni. Baba yake alimshika gauni, likamponyoka. Akawa yuko ndani, ameketi, anajisogeza kwa makalio kuelekea kwa wale watoto, anazungumza nao polepole kama anawaeleza hesabu.

Ndalahwa alisikia kishindo nyuma yake, akageuka.

Mnara ulikuwa umeachwa tupu, viti vyake vinaning'inia. Uwanja mzima ulikuwa unakuja. Walikuwa wamesikia kwenye spika jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, manju akijivua heshima mwenyewe mbele za watu, na kila mmoja alitaka kuwa karibu, amwone uso. Wanawake walikuwa wameweka vitoto mgongoni na kukimbia. Machibya alikuwa mbele, anapiga makofi. Wa kwanza walishakanyaga ngazi za jukwaa lilelile lililolishikilia Pipa, na chini ya nyayo zao chuma kikajibu. Pipa likashuka upana wa kidole. Ndani mtoto mmoja akalia, na sauti ya Sabina ikasema, "Nitazame mimi, usitazame chini."

"Rudini!" Shimba akapiga kelele kwenye kipaza sauti. Wakashangilia. Walidhani ndiyo ngoma yenyewe imefika utamu.

Ndalahwa akashuka ngazi mbili kuwakabili. Maneno hayakuwa na kazi tena, aliona. Akanyoosha mikono yote miwili wazi, viganja juu, kama manju anavyofanya kabla ya kuanzisha wimbo, na hapo hata mlevi hufunga mdomo ili asipitwe na neno la kwanza. Waliokuwa kwenye ngazi wakasimama. Walio nyuma wakawagonga mgongoni nao wakasimama. Makofi yakaisha, shangwe ikaisha, kina mama wakawaziba watoto midomo. Uwanja wote ukatulia kumsikiliza Ndalahwa.

Hakuimba. Alibaki amenyoosha mikono, na katika kimya kile kila mtu, kuanzia kwenye ngazi mpaka kwenye mawe ya ziwani, akakisikia chuma kikilia chini ya Pipa.