Soda ya Baraza

Nilienda barazani na chupa yangu ya chai. Soda ya walioitisha mkutano sinywi. Ili upewe soda lazima uandike jina, na hapa Isiolo jina lako likishaandikwa wanasema ulikubali.

Barabara mpya ilichorwa kupita katikati ya kiwanja chetu, alichopewa babu yangu baada ya kuwapigania Wazungu katika vita vyao, na ndipo alipozikwa. Baba yangu, Mzee Shuriye, hakutaka niende.

"Fartun, kaa hapa. Tusipoenda, hawawezi kusema tulikubali."

"Aabo," nikamwambia baba, "si ndivyo babu alivyofanya?"

Nikachukua chupa yangu nikatoka.

Katiba ya kwanza ya nchi hii, ile ya majimbo, ilitamanisha. Ardhi iliwekwa chini ya majimbo, na kubadilisha hilo kulihitaji kura nyingi ajabu. Lakini pesa zilibaki Nairobi, na mkono mtupu haulambwi. Babu hakumwamini mtu, akasusia uchaguzi wa kabla ya uhuru pamoja na wenzake wengi. Mwaka mmoja baada ya uhuru katiba ile ikavunjwa. Wabunge waliopaswa kuipigania walikuwa wamehamia chama cha wakubwa, na watu wetu hawakuwa na wa kupiga hata kelele bungeni. Babu alikuwa na haki ya kushuku. Linaloniuma ni kwamba alishuku akiwa amekaa nyumbani.

Barazani nilimkuta jirani yetu Njambi, mwenye duka, amekaa mbele kabisa na soda mkononi. Duka lake haliguswi na barabara. Nikajua huyu ameshanunuliwa.

Mwenyekiti, Ephantus, alitabasamu kupita kiasi. "Hakuna anayepinga, sindio?"

"Mimi napinga!"

"Mama, wewe hujaandika jina. Mtu hayuko atapinga aje?"

Watu wakacheka. Nikiandika, nimekubali, nisipoandika, sipo.

Njambi akaweka chupa chini, akaenda mezani penye orodha, na kando ya jina lake akaandika kwa herufi kubwa: NAKATAA.

"Ephantus, mimi nimekunywa soda," akasema. "Sijakunywa barabara."

Akaninyooshea kalamu. Niliona aibu kumtazama usoni. Niliandika jina langu na neno lilelile, kisha nikampigia baba simu nikamweleza.



"Usiachilie hiyo kalamu," akasema. "Nakuja."